Kitambaa Kwenye Fimbo

Siku ile ya soko la Nkwenda, Byarugaba alishuka kutoka malishoni akiwa na mambo mawili kichwani. La kwanza, binti yake Kobusingye alikuwa anapelekwa kwa mumewe jioni ile ile. La pili, sheria mpya. Ukiniuliza mimi, mtu mwenye harusi nyumbani hana kazi na sheria siku hiyo. Akae kwake apokee wageni. Lakini Byarugaba alikuwa na donda, na mwenye donda hatulii.

Donda lenyewe lilikuwa hili. Mwezi mmoja nyuma, mdogo wake Yustasi alichomwa kisu cha tumbo pale pale sokoni, katikati ya mikungu ya ndizi, na mtu aliyevaa baibui na kufunika uso. Watu walidhani ni mwanamke. Alipopandisha baibui akimbilie mpakani Uganda, wakaona suruali na viatu vya mwanamume. Hakukamatwa. Yustasi alikata roho mapajani mwa kaka yake, akiuliza kama ng'ombe wameshakunywa maji.

Mkungu, mkuu wa eneo lile, akaita baraza. Nkwenda nzima mwanamke aliyefunika uso alikuwa mmoja tu, Zaituni, mke wa Idirisa, fundi cherehani aliyetoka Tabora. Idirisa alisimama akaomba kusema.

"Shikamooni wazee. Aliyeua ni mtu, si nguo. Angeua mwenye kanzu, mngetuvua kanzu sote?"

Watu wakacheka, na wengine wakaanza kulainika. Byarugaba akainuka.

"Ndugu yangu yuko chini ya udongo. Mwenye uso safi anauficha wa nini?"

Ndipo mama yake, bibi Kemigisha, akauliza kutoka walikokaa wanawake: "Na maharusi wetu je, mwanangu? Mimi nilikuja kwa baba yako nimefunikwa hadi ukucha."

Wanaume wakaangua kicheko. "Mama, yetu ni heshima," Byarugaba akasema. "Yao ni maficho." Mkono wake ulikuwa wa kwanza kunyooshwa juu. Karani akaandika kwamba kila mwanamke atakayefunika uso hadharani atafunuliwa, na hakuna aliyemwambia aandike vingine. Mkuki kwa nguruwe, bwana.

Basi siku ya soko ikafika. Byarugaba alikuja na wanaume wanne, vichwa vimeshachemka kwa rubisi, pombe ya ndizi. Mbele yao alikuwa Protase, rafiki yake tangu wakichunga ndama. Wakamkuta Zaituni mlangoni pa duka, amebeba sufuria ya chakula cha mumewe.

"Vua," Byarugaba akasema.

"Kaka yangu, niache niingie ndani. Sitatoka tena."

Hakumngoja. Akakamata kitambaa cha uso, akavuta. Kitambaa kilikuwa kimenasa kwenye hereni. Akavuta tena, kwa nguvu za mtu anayemvuta ng'ombe topeni, na ndewe ya sikio ikachanika. Zaituni akapiga yowe, damu ikamwagika begani. Sufuria ikaanguka. Idirisa alitoka mbio na mikono mitupu. Wakamtandika mpaka akaenda chini, na Protase akaukanyaga mkono wake wa kulia kwa kisigino, kidole kwa kidole. Mlio wa mifupa ulisikika. Fundi yule hakulia. Alilitaja jina la mkewe tu.

Zaituni akakimbilia migombani. Byarugaba akakifunga kile kitambaa kwenye ncha ya fimbo yake, akakiinua juu kama bendera, na soko likashangilia. Sitaki kumtetea. Saa ile alifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu amzike Yustasi, moyo wake ulikuwa mwepesi.

Wakamfuata kwa matone ya damu. Zaituni alikuwa mgeni, hakujua njia za migombani wala boma la nani liko wapi. Alikimbilia aliposikia wanawake wakiimba. Na wanawake waliokuwa wakiimba walikuwa wakimwimbia Kobusingye.

Kwa watu wale bibi harusi hafunikwi peke yake. Hufunikwa na mpambe wake, nguo moja, urefu mmoja, ili kijicho kisijue kimwangukie yupi. Tena akishafunikwa, hafunuliwi mpaka amevuka kizingiti cha mumewe. Baba akimfunua kabla, amemlaani: atarudishwa kwao, na watoto atakaowazaa atawazika. Byarugaba alibatizwa na kanisani hakosi, lakini hilo aliliamini kuliko katekisimu.

Alipoingia uani aliona jambo likamkata maini. Edvina, binti wa marehemu Yustasi, ndiye aliyekuwa mpambe. Sasa alikuwa jikoni anamenya ndizi, uso wazi.

Bibi Kemigisha alikuwa ameketi kizingitini. Nyuma yake, juu ya mkeka, waliketi watu wawili waliofunikwa kaniki mpya, wametulia tuli. Kaniki ni nguo ya giza, haionyeshi damu.

"Mama, toka mlangoni."

"Mmoja ni mwanao," bibi akasema. "Mwingine ni mgeni wangu. Ingia ufunue, sheria ni yako. Na kaniki hizi uliagiza mwenyewe kwa Idirisa. Amezishona vizuri."

Byarugaba akasimama kama mti. Alizitazama zile kaniki mbili, akatafuta bega la binti yake, goti lake, namna yake ya kupumua. Hakumtambua mwanawe mwenyewe.

Protase akamsogelea. "Unangoja nini? Damu imeishia hapa."

"Humo yumo Kobusingye."

"Si tuliandika kila mwanamke? Mkono wako ulitangulia." Akacheka, pombe inamnuka. "Kama wewe baba umeogopa, nitafunua mimi. Wa kwanza huyu hapa." Akamruka bibi, akanyoosha mkono.

Fimbo ilishuka kabla Byarugaba hajaamua. Ilimpata Protase juu ya kiwiko, mfupa ukavunjika, na mkono ukaning'inia. Alipogeuka akilia, Byarugaba akampiga tena, ya shingo, akamburuta uani kwa mguu. Wale watatu wakamrukia. Walimpiga kwa rungu mdomoni, meno mawili yakatoka. Walimpiga mbavuni, akaanguka, akaamka. Aliyefika mlangoni alipigwa. Fimbo ilipigana huku kitambaa cheusi kikipepea nchani, kikiwachapa watu usoni, kikilowa damu juu ya damu. Mwishowe wakamwona si mtu wa kuzungumza naye tena. Wakambeba Protase wakaenda zao, na mmoja akapaza sauti kutoka migombani: "Msaliti! Yustasi anakuona!"

Hilo lilimuuma kuliko rungu. Alikaa uani akalia waziwazi, mbele ya wanawake na ng'ombe.

Jioni wakwe wakaja. Hakuna aliyethubutu kuuliza habari ya uso uliovimba wa baba wa bibi harusi. Msafara ukatoka, Byarugaba mbele, wale wawili waliofunikwa nyuma yake, bibi Kemigisha na Edvina mwishoni. Njia ilipita katikati ya soko. Watu walewale walioshangilia asubuhi walizitazama kaniki zile mbili zikipita, nyuso zimefichwa, kinyume cha sheria, na hakuna aliyekohoa.

Mbele ya duka, Idirisa alikuwa ameegemea ukuta, mkono umeviringishwa kanga. Mmoja wa wale wawili akasimama.

"Mwacheni," Byarugaba aliwaambia wakwe. "Huyo amefika kwake."

Edvina akajifunika kaniki nyingine, akashika nafasi yake kando ya Kobusingye. Byarugaba akakifungua kitambaa kwenye fimbo. Kilikuwa kimekauka, kigumu kama ngozi. Akamnyooshea mwenyewe kwa mikono miwili.

Zaituni hakukipokea. Sauti yake ilitoka chini ya kaniki, ndogo, iliyokwaruzwa na kilio.

"Kifue kwanza."

Nyimbo zilikuwa zimekoma. Wakwe walikuwa wakimngoja, na jua lilikuwa linakwenda, na Kobusingye alisimama pale njiani, uso umefunikwa, akimsikiliza baba yake. Byarugaba hakuwahi kufua hata shuka lake mwenyewe. Akateka maji kwenye pipa la Idirisa, akajaza beseni, akapiga magoti mbele ya soko zima, akaanza kufikicha. Maji yakawa mekundu. Akayamwaga, akateka mengine. Lakini kinywa chake kilikuwa bado kinavuja damu, na kila alipoinama tone liliangukia beseni. Akamwaga tena, akateka tena, akaanza upya.