Kifungu cha Mia Sita na Kumi na Nne

Jedwali zima lilikuwa limegeuka kijani, isipokuwa mstari mmoja uliobaki mweupe. Vifungu elfu moja mia mbili na sita vya programu ya kusajili akina mama na watoto vilikuwa vimepita mikononi mwa Immakulata kwa wiki saba: vitufe, maonyo, maswali, hata salamu za kufungia. Vyote sasa vilikuwa na Kiswahili chake, ila kile cha mia sita na kumi na nne. Hicho hakikuwa na kitu, na hakikuwa na kitu kwa sababu yeye aliamua kisiwe nacho.

Simu ikaita. Alikuwa Haidari, msimamizi wa tafsiri, akipiga kutoka Dar es Salaam.

“Dada Imma, hongera kwa kazi. Umebakiza kimoja tu. Nadhani kimekuponyoka.”

“Hakikuniponyoka, kaka. Nimekiacha.”

“Umekiacha vipi?”

“Kama mtu anavyoacha chakula kilichoingia mchanga.”

Haidari akacheka, akidhani anataniwa. Watu wa ofisi kubwa wana desturi ya kucheka kwanza na kuelewa baadaye. Immakulata akamwacha acheke mpaka kicheko kikamwishia chenyewe.

Kifungu chenyewe kilikuwa kifupi. Kilikuwa onyo linalotokea kwa rangi nyekundu pale karani anapoacha wazi sehemu ya jina la ukoo. Kwa Kiswahili kingesomeka: Jina si sahihi, jaza jina la ukoo. Mtoto wa shule angekifasiri huku akitafuna muwa. Tabu haikuwa kukifasiri. Tabu ilikuwa kukisema mbele ya watu wa Kasulu na Kibondo na kubaki na uso wa kuwatazama.

Kwani huku, kwa Waha na kwa familia zenye asili ya Burundi kama yake, mtoto hapewi jina la ukoo. Anapewa lake. Baba anaitwa hivi, mama vile, na watoto watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyojuana. Mapacha peke yao ndio majina yao huwasubiri tangu tumboni: anayetangulia ni Bukuru, anayemfuata ni Butoyi, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Kiza. Ukisimama sokoni Kasulu ukaita Bukuru, jiandae kuitikiwa na watu sita.

Yote yalianzia katika kijiji cha Kitanga, Jumanne ya wiki hiyo ya saba. Immakulata alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na wenzake wa mradi waliiona kuwa ni kupoteza muda. Hakupenda kufasiri akiwa amejifungia chumbani. Kila alipomaliza vifungu mia alipanda bodaboda hadi zahanati mojawapo iliyokuwa ikiijaribu programu, akaketi ubavuni mwa muuguzi na kumwomba asome kwa sauti. Muuguzi akisita, neno linarudi jikoni. Ndivyo alivyojikuta Jumanne hiyo kwenye kiti cha plastiki kando ya muuguzi Asmahani, wakati mama mmoja aitwaye Ndayikeza alipoufikia mwanzo wa foleni, pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani.

“Butoyi tutamchanja surua leo,” alisema Asmahani, macho kwenye kioo. “Bukuru ameshachanjwa.”

“Kachanjwa na nani?” Ndayikeza aliuliza. “Miye ndiye ninayemnyonyesha, na sijaona sindano.”

“Kompyuta ndiyo inayosema, mama.”

“Basi kompyuta imbebe.”

Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Ndayikeza mwenyewe hakucheka. Alieleza kwamba hii ni mara ya tatu kurudishwa, kwamba kadi ya kliniki ililoa mvua hadi ikawa uji, na kwamba kijiji cha jirani tayari kina watoto wenye vipele. “Mwana wanje, mwanangu,” alimwambia Asmahani, “unamwamini nani? Hicho kioo au ziwa langu?”

Asmahani alikuwa binti mwema, lakini alikuwa ameonywa: hesabu ya dozi na hesabu ya kompyuta zisipolingana, atatakiwa ajieleze kwa maandishi. Akamtazama Immakulata kama anayeomba msaada. Immakulata akasogeza kiti na kumwomba aifungue orodha yote, asiishie kwenye jina la kwanza lililojitokeza. Walikuwapo Bukuru kumi na mmoja. Wote walikuwa wa kiume, na wote walikuwa wa ukoo mmoja: Hana. Yule aliyechanjwa, walipolifungua jalada lake, alikuwa mtoto wa kijiji cha mbali, mwendo wa kutwa nzima kutoka pale. Asmahani akajiziba mdomo kwa kiganja. Kisha akavunja chupa ya dawa, akamchanja Bukuru wa Ndayikeza, na mtoto akalia kilio cha haki kabisa.

Hapo Immakulata angeweza kuishia. Lakini kidole kilimwasha, akaandika Hana mahali pa kutafutia. Wakatokea watu mia tatu na arobaini. Programu haikuuliza popote mama wa mtoto ni nani. Ilitegemea jina la ukoo kumuunganisha mzazi na mwanawe, kwa hiyo kwenye kioo kile kila mama wa Hana alikuwa mzazi wa kila mtoto wa Hana. Ulikuwa ukoo mkubwa kuliko wote wilayani, na mwasisi wake alikuwa ameketi pale pale kwenye kiti cha plastiki.

Maana ni yeye aliyewafunza makarani, mwaka mmoja nyuma, programu ilipoletwa ikiwa bado ya Kiingereza. Karani mmoja alinyoosha mkono akauliza: mwalimu, huku watu hawana jina la ukoo, tufanyeje, na mashine haipiti? Immakulata hakufikiri hata kidogo. Andikeni Hana, alisema, twende mbele. Darasa zima likacheka, likaandika, likaenda mbele.

Alirudi Kasulu na vumbi la njia nzima usoni, na aibu ilimkaba kuliko vumbi. Alijiuliza ni lini alijifunza kupita kwa wepesi namna ile. Jibu hakulitafuta mbali. Alikuwa na miaka saba mwalimu alipomwuliza ubini wake, akasema hana, akazabwa kofi na kupewa jina la ubatizo la baba yake. Alipofika nyumbani akilia, mama yake alimpangusa na kumwambia: ukipewa kiti, keti, usiulize kwa nini kina miguu mitatu. Mama alikuwa na sababu zake. Familia yao iliishi kwa makaratasi ya watu wengine kwa miaka mingi kabla ya kuupata uraia, na anayeishi hivyo hujifunza kuwa mwepesi wa kukubali. Lakini uraia umeshapatikana. Immakulata ana kura, ana kiwanja, ana watoto wawili wenye majina mawili tofauti. Kiti cha miguu mitatu kimemkalisha vibaya miaka thelathini, na sasa alikuwa anakigawa kwa wengine. Aibu ikageuka hasira, na hasira ndiyo iliyobaki.

“Sikiliza, dada,” Haidari alisema katika simu ile ile, sauti yake sasa imepoteza sukari. “Wewe ni mfasiri. Hukuajiriwa kuirekebisha programu.”

“Najua. Ndiyo maana sijairekebisha. Nimekataa tu kuisemea.”

“Kifungu kimoja kikikosekana, Kiswahili chote hakitoki. Na Jumatatu programu inakwenda mkoa mzima.”

“Isiende.”

“Isiende?”

“Kaka Haidari, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kuna watoto wameandikwa wamechanjwa na hawajachanjwa. Tukiifikisha Kibondo, tukaifikisha Kakonko, Hana watakuwa elfu ngapi? Nimekuandikia yote kwenye barua ya juzi. Umeisoma?”

“Nitaisoma,” Haidari alisema. Kisha akajitetea kwamba mafundi wako ng'ambo, kwamba maombi ya kubadilisha programu huchukua miezi, kwamba onyo ni onyo tu na karani mwenye akili atajua la kufanya.

“Karani mwenye akili alishafanya,” Immakulata alisema. “Mimi ndiye niliyemfunza. Siwezi kumwambia mama aliyezaa kwa uchungu kwamba jina la mwanawe si sahihi, na kulisema kwa Kiswahili changu, na saini yangu chini.”

“Masharti yanataka mfasiri wa Kigoma, hayamtaki Immakulata. Nitampa mwingine. Na kazi zijazo usizitegemee.”

“Kama ni unga kumwagika, na umwagike.”

Aliikata simu. Aliogopa. Kasulu si mji wa kazi za kuokota, na mtu aliyekwisha kuitwa mkorofi na mradi mmoja huitwa hivyo na miradi yote. Aliizima kompyuta akiwa na ule mstari mweupe mbele ya macho, akaenda kununua dagaa.

Kesho yake alfajiri, badala ya kukaa na kujionea huruma, alipanda bodaboda kwenda Kitanga. Asmahani akamfungulia orodha, na wawili hao wakaifungua kaya kwa kaya, jalada kwa jalada, wakiwalinganisha akina Hana na daftari la zamani la mkono, lile ambalo mradi uliamuru lifungiwe kabatini. Kufikia mchana walikuwa wamewapata watoto wanne waliorudishwa makwao bila chanjo. Asmahani aliandika barua ya kujieleza kabla hajaulizwa, akaipiga muhuri kwa nguvu hadi meza ikalia. Wahudumu wa afya wa vijiji wakatumwa kuwaita wale wanne, na wote wanne walikuja.

Jumatatu ikafika, ikapita, Kiswahili hakijatoka. Jumatano simu yake ikaita kutoka namba asiyoijua.

“Allo, maman Immakulata? Ni miye Nsimire, niko Nyarugusu, mu kambi. Balinipa ile kazi yako, kile kifungu kimoja chenye kilibakia.”

Immakulata alimfahamu kwa jina: mwanamke wa Kongo aliyekuwa akiwafasiria wahudumu wa misaada, mwenye watoto wa kulisha na asiye na kipato kingine cha maana. Hakuweza kumlaumu. “Umeshakijaza?” aliuliza.

“Nilikisoma mara mbili. Kwetu Bushi na siye mutoto anapata jina yake mwenyewe. Papa yangu haitwe Nsimire. Mama yangu haitwe Nsimire. Nikasema, nikiandika hii, ni miye najiandikia kama siko sahihi.” Akavuta pumzi. “Nilikiacha, maman. Nilitaka tu ujue kama hauko peke yako.”

“Na kazi, mama? Utafanyaje?”

“Bale ba mradi watatafuta mwingine.” Nsimire akacheka kicheko kizito cha mtu aliyewahi kupoteza makubwa zaidi. “Watatafuta sana.”

Wiki mbili zikapita. Immakulata alikuwa katikati ya kipindi chake katika kituo cha mafunzo ya kompyuta, kibarua chake cha pili, akiwaonyesha akina mama washonaji jinsi ya kuandika bila kutazama vidole, Haidari alipopiga. Hakuanza kwa hongera wala kwa kicheko. Alisema programu imesimamishwa, kwamba wafasiri watatu walikiacha kifungu kile kile, na kwamba barua ya Asmahani ilifika kwa wakubwa, mahali ambapo yeye Haidari hakutaraji. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba barua yake Immakulata ameisoma.

“Niko na fundi aliyeiandika programu,” aliongeza. “Yuko ng'ambo, Kiswahili hakijui. Nitafasiri mimi. Upo tayari?”

Immakulata akaomba ruhusa kwa wanafunzi wake, lakini hakutoka nje. Aliiweka simu mezani, sauti ikiwa wazi, ili na wao wasikie. Vidole vyote vikasimama.

“Anauliza hivi,” Haidari alisema. “Kama ndugu hawachangii jina, nyinyi mnajuaje nani ni mtoto wa nani?”

Wanawake wakatazamana. Mmoja akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge, mwingine akaguna.

“Mwambie tunamuuliza mama,” Immakulata alisema.

Walimsikia Haidari akiyapeleka maneno hayo upande wa pili, polepole, kwa Kiingereza. Wakasikia swali jingine likirudi.

“Anauliza: kwa kila mtoto?”

“Kwa kila mtoto,” Immakulata alijibu. “Na wewe mwulize, ana haraka gani?”

Haidari akalipeleka na swali hilo. Kisha wakasikia vitufe vya kompyuta upande wa pili: fundi alikuwa ameanza kuandika.