Miwili, Kisha Miwili

Kwetu Bahari Nyeupe, mpiga picha anayeingia chini ya barafu hufungwa kamba, na mtu wa juu huishika kwa glavu nyembamba ili vidole vihisi. Mvuto mmoja: niko salama. Miwili: nilegezee. Minne: nivute, nakufa. Mama alimshikia baba kamba miaka ishirini, na ndiye aliyenifundisha kuhesabu.

Kaka yangu Yefim alikuwa na uroho wa picha. Akiona nyangumi weupe husahau baridi, hewa, na mimi niliyepiga magoti kwenye theluji.

"Taska, leo usinisinzie," alinitania akivaa miwani ya kuzamia.

"Na wewe usinimalizie kamba, mroho. Pai ya samaki itapoa."

"Leo nampata yule mama na mtoto wake. Utaona!"

"Haya, wasalimie."

Alizama. Ukaja mvuto mmoja. Baadaye miwili, nikalegeza. Kisha ikaja miwili ya haraka, na baada ya muda kidogo miwili mingine. Nikalegeza kamba yote huku nikinung'unika: kashawapata, hashibi huyu.

Nilipovuta kumuuliza, hakujibu. Savely, mwenzetu aliyekaa tayari na suti yake, akazama kumfuata. Alimkuta mbali na tundu la barafu tulilomshushia. Mtambo wake wa kupumulia ulikuwa umeganda, na hewa yote ilikuwa imemwagika.

Niliwaambia watu kwamba kamba ilikuwa kimya. Nilisema hivyo hata mbele ya jeneza.

Siku ya arobaini, wageni walipoondoka, mama alitaka kuona video iliyokuwa kwenye kamera. Nyangumi alipita na mtoto wake ubavuni, na mama akatabasamu. Mara mapovu yakafoka, kamera ikaning'inia, ukaonekana mkono wa Yefim ukivuta kamba. Moja. Mbili. Kamba ikanasa kwenye ncha ya barafu, akahangaika kuinasua. Tatu. Nne.

"Minne," mama alisema. "Wewe ulihisi mingapi?"

Nilichoka kudanganya. "Miwili. Kisha miwili."

"Ukafanya nini?"

"Nikalegeza, mama."

Hakunipiga. Natamani angenipiga. Alirudisha video nyuma, akaanza kuhesabu tena, polepole, kama alivyonihesabia nilipokuwa mtoto.