Nywila Isiyoonekana

Giza lilikuwa halijaanza kupungua mtoto aliposaga meno usingizini, kana kwamba anatafuna kokoto. Mama yake alimgeuza ubavu, akamfunika, kisha akarudi kwenye kompyuta aliyoiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mwalimu wa darasa la jioni ndiye aliyemkabidhi mashine hiyo, pamoja na nywila, yaani neno la siri la msimamizi. Aingize programu ya darasa (ikikubali, maneno yatapanda kiooni mstari kwa mstari), airudishe asubuhi. Akifaulu, atakuwa msaidizi wa chumba cha kompyuta, na kufulia watu nguo kutabaki hadithi. Amri ya kuiingiza aliijua kama jina lake. Kilichomshinda ni nywila. Kila alipobonyeza, kioo kilimkodolea macho tu: hakuna herufi, hakuna nyota, hakuna hata nukta. Naye aliishia katikati, akafuta asijue amefuta ngapi, akaanza upya, hadi mashine ikamwambia amekosea.

Jana jioni shemeji yake, fundi simu, aliitazama akapiga mluzi. Alisema kibodi imekata roho, na asipoirudisha mapema ataambiwa ameiua yeye.

"Shemeji, hii ni maiti," alimaliza. "Usilale nayo chumba kimoja na mtoto."

Walicheka wote wawili, ila yeye aliacha kwanza.

Sasa, kabla nywila haijaulizwa, aliandika jina la mtoto kwenye mstari mtupu wa amri. Herufi zikajitokeza zote. Kumbe kibodi ilikuwa nzima; ni nywila tu iliyofichwa.

Akamfikiria mama yake mzazi, anayesikiliza simu bila hata kuguna, mpaka umdhanie amekata. Ukiuliza "haloo?" anakuja juu: endelea mwanangu, mimi nipo. Miaka yote hiyo binti amekuwa akikatiza habari zake katikati na kuzianza upya, kwa kuogopa kimya tu.

Alifuta jina, akaandika amri. Nywila ikaulizwa. Safari hii aliyaelekeza macho ukutani, vidole vikaenda herufi kwa herufi hadi ya mwisho, bila kurudi nyuma. Akabonyeza kitufe cha kuingiza. Mkono ukabaki hewani, na macho yakabaki palepale ukutani.

Nyuma yake kitanda kililia. Mtoto alikuwa ameketi, nywele zimelala upande mmoja, anachungulia kioo juu ya bega la mama yake.

"Mama, maneno yanapanda juu."