Viatu Ndani ya Maharage

Eliaichi alikuwa mwanamke wa kinyaa. Si kinyaa cha kujishaua, kile cha mabinti wanaoziba pua wakipita buchani halafu jioni unawakuta wanatafuna mishikaki. Chake kilikuwa cha kweli, kilimkaa kooni. Kikombe cha ugenini alikifuta kwa leso yake kabla ya kunywa. Msibani hakula makande mpaka aone sufuria lilivyooshwa. Kiti alichoinuka mtu mwingine, kama bado kina joto, hakukalia. Mumewe, dereva wa lori, wiki mbili yuko njiani na siku tatu yuko nyumbani, alishajifunza kunawa mara mbili ndipo aguse mlango. Watu wa Same walimjua hivyo, na wanawake wa usharika wake walimchagua mwenyekiti wao mara tatu mfululizo kwa sababu hiyohiyo. Mtu anayeogopa uchafu kiasi kile, walisema, hata moyo wake lazima uwe safi. Jamani, watu hujidanganya!

Sasa mtu wa namna hiyo alifikaje kwenye ghala la zamani la magunia ya mkonge, nyuma ya stendi, kila Jumamosi saa kumi jioni, miguuni kavaa viatu vya mtumba vilivyotolewa jasho na Mungu anajua nani?

Ni hivi. Kulikuwa na kijana anaitwa Clemence, mzaliwa wa hapahapa, aliyekaa Nairobi miaka minne akisomea baleti. Aliporudi alipanga lile ghala, akabandika tangazo mlangoni: Baleti kwa watu wazima, wanaoanza kabisa. Mji ulicheka mpaka ukachoka. Eliaichi naye alicheka, tena kwa sauti, mbele za watu. Lakini zamani, akiwa msichana wa bweni, aliwahi kuona kwenye televisheni ya matroni mwanamke akinyanyuka juu ya vidole vyake vya miguu, polepole, mgongo umenyooka, uso umetulia, na tangu siku ile alikuwa na hamu moja ambayo hakumwambia mtu. Sasa ana miaka arobaini na mitatu na goti moja bovu. Wiki mbili alilizunguka lile ghala akijifanya anaulizia mkaa. Wiki ya tatu akaingia.

Akataka kutapika. Ghala lilinuka popo, ile harufu inayoingia puani na kukataa kutoka. Mavi yao yalikuwa yamefagiliwa yakalundikwa kona moja, hakuna aliyejisumbua kuyazoa. Mahali pa kushikia wanaojifunza palikuwa bomba la maji lililofungwa ukutani, na lile bomba, ptuu, lilinata kwa mikono ya watu. Viatu vilikuwa ndani ya kiroba kimoja, vya ngozi laini, rangi ya waridi iliyofifia, na ndani ya kila kimoja zilionekana alama tano nyeusi za vidole vya mwenyewe wa kwanza.

"Chagua vinavyokutosha, mama," alisema Clemence.

Alichagua kwa ncha za vidole viwili. Nyumbani alivisugua kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, akavisuuza, akavisugua tena, akavianika siku tatu uani chini ya kanga ili jirani asione. Hata baada ya hapo alivivaa na soksi.

Na kama popo hawakutosha, aliyesimama jirani yake bombani alikuwa Hellen, Mama Naftali, muuza perege. Huyu mama alifuata samaki kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu tangu alfajiri, akawauza sokoni Same mchana kutwa, na saa kumi kasoro alikuja moja kwa moja na beseni lake. Magamba yalimganda mikononi. Visigino vyake vilipasuka mipasuko ya kutosha kuficha sarafu. Alipoinua mkono juu, Eliaichi alipumua kwa mdomo. Alimchukia? Hapana. Alimwonea kinyaa, na kwa Eliaichi hicho kilikuwa kibaya kuliko chuki, maana mtu unayemchukia utasalimiana naye kwa mkono.

Hellen wala hakuona, au aliona akanyamaza. Yeye ndiye aliyemnong'oneza, "Mama mwenyekiti, mabega hayo umeyakaza mno. Achia." Na alipoachia, lo! Magoti yalikunjuka, mgongo ukapanda wenyewe, na kwa mara ya kwanza Eliaichi akajiona mrefu. Clemence akihesabu moja mpaka nane, visigino pamoja, kunja, nyanyuka, Eliaichi alisahau popo, akasahau bomba. Kwa saa moja na nusu kwa wiki hakuwa Mama Dickson wala mwenyekiti wa kitu. Angeulizwa ukweli, hakuwa na furaha nyingine inayokaribia ile.

Lakini nani angemuuliza? Mzee Eliezeri, kiongozi wa wazee wa kanisa, alikwishasimama kwenye matangazo ya Jumapili akasema. Wanawake wazima, alisema, na nguo za kubana, wanapanua miguu mbele ya kijana wa watu. Uchafu! Kiongozi yeyote atakayeonekana kule, uongozi auache siku hiyohiyo. Kanisa likaitikia, na Eliaichi, kiti cha mbele, kitambaa cheupe kichwani, akaitikia nalo.

Kwa Hellen mambo yalikuwa magumu zaidi. Yeye alikuwa ametengwa. Aliishi na mwanamume bila ndoa, mwanamume akafa, na miaka minane sasa alikuwa akikaa benchi la nyuma, wengine wakienda mezani pa Bwana yeye anabaki amekaa na mikono mapajani. Ila mwisho ulishafika. Jumapili ya kufuata Sikukuu ya Mavuno alikuwa apokewe, arudi kundini, na wiki moja baadaye mwanawe Naftali angepata kipaimara. Mama na mwana wangekula meza moja siku hiyo. Kwa desturi yao, anayerudi husimamiwa na mtu wa kumdhamini mbele ya kanisa, na aliyepangwa kumsimamia alikuwa mwenyekiti wa wanawake. Eliaichi.

"Mimi sitasema uko hapa," Hellen alimwambia siku moja wakifunga kamba za viatu, "na wewe usiseme niko hapa."

"Tumekubaliana," alisema Eliaichi, na akajitenga hatua moja.

Viatu alivificha stoo, katikati ya kiroba cha maharage, akavifukia kabisa. Hakuna mtu anayegusa stoo ya Eliaichi. Hakuna, ila mama mkwe.

Mama mkwe alishuka kutoka Bombo, kule milimani, siku ya Jumamosi kwa ajili ya Sikukuu ya Mavuno, na tangawizi debe moja na mkungu wa ndizi. Jumapili Eliaichi aliondoka mapema kwenda kupamba kanisa. Bibi naye, huku nyuma, akatazama vitu vyake, akaona havitoshi. Nyumba ya mwenyekiti iende mbele za Mungu na tangawizi? Aibu gani hiyo! Akaingia stoo, akaona kiroba cha maharage, akaita bodaboda.

Baada ya ibada watu wote walitoka nje kwa mnada wa sadaka. Mnadi alikuwa Mzee Eliezeri mwenyewe, koti kalivua, sauti imempanda. Kuku wakaenda, ndizi zikaenda, jogoo mmoja akaponyoka na kushikwa chini ya gari la mchungaji. Kikaja kiroba cha maharage. Na hapa, wewe msomaji, lazima uwajue watu wa kwetu. Hawanunui maharage ya juu. Hata yawe yametoka madhabahuni dakika hii, wanajua mtu anaweza kuweka mazuri juu na yaliyobunguliwa chini, na Mungu akanyamaza. Wakapaza sauti pamoja, "Mimina! Tuone chini!"

Eliaichi alikitambua kiroba kwa uzi wa kijani aliokishonea. Alitaka kusema neno, lolote, yanunuliwe hivyohivyo, lakini Mzee Eliezeri alishakipindua juu ya turubai. Maharage yakamwagika, na juu ya maharage vikaanguka viatu viwili, soksi bado ndani.

Khaa! Mzee Eliezeri akakiokota kimoja, akachomoa soksi kwa vidole viwili, akachungulia ndani, akanusa. Ndiyo, alinusa, mzee mzima. Akampa mwenzake, naye akanusa. Kikazunguka mikononi mwa wanaume, huyu anakipinda, huyu anakitia ngumi, mmoja akakiweka sikioni akifanya simu, watu wakafa kwa kicheko. Eliaichi aliviangalia vile vidole vichafu vikiingia mahali mguu wake ulipokuwa jana, akahisi kama vinamwingia yeye.

"Ni vile vya ghalani!" mwanamke mmoja akasema. "Mguu kwenye chakula cha Mungu! Ptuu!"

"Hicho kiroba nimekileta mimi," akasema mama mkwe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. "Kimetoka nyumbani kwa mwanangu. Mama Dickson, hivi vitu vimeingiaje kwenye maharage?"

Nyuso zote zikamgeukia Eliaichi.

"Sijui, mama," alisema Eliaichi.

Hapo angeweza kuishia. Hakuishia. Akasogea mpaka kwenye turubai, akakunja uso wake ule ambao watu waliujua, akasema kwa sauti ya kusikika, "Uchafu gani huu!"

"Ni vyangu," mtu akasema nyuma.

Alikuwa Hellen. Alikuja akipenya katikati ya watu, gauni lake la Jumapili limepauka, mikono imesuguliwa mpaka imekuwa myekundu. "Shikamoo mzee. Hicho kiroba ni changu, nilimwazima mama mwenyekiti wiki iliyopita. Nilisahau kukikung'uta. Mama, nisamehe. Vyangu hivyo. Najifunza kwa Clemence."

"Vyako wewe?" Mzee Eliezeri alimpima kuanzia kichwani hadi miguuni. "Vaa tuone."

Hellen akakaa chini palepale, akavua ndala. Viatu vilikuwa vidogo. Aliingiza vidole, akavuta, akavuta tena, kisigino kikagoma, kisha mshono ukaachia, kraa, na mguu ukaingia. Akafanya hivyo na cha pili. Akasimama.

"Haya, tuchezee," mtu akasema, na watu wakacheka.

Eliaichi alitegemea atakataa. Hellen hakukataa. Aliweka visigino pamoja, akaachia mabega, akakunja magoti polepole mbele ya usharika mzima, akanyanyuka, mgongo umenyooka, uso umetulia. Ilikuwa sahihi. Eliaichi aliona ilivyokuwa sahihi, kila kitu mahali pake, kuliko yeye alivyowahi kufanya, na hakuna mwingine pale aliyekuwa na macho ya kuliona hilo. Wengine wote walikuwa wanashika mbavu.

Mzee Eliezeri akainua mkono. Kicheko kikakatika.

"Mama Naftali, Jumapili ijayo tulikuwa tukupokee. Miaka minane umesubiri, na hivi ndivyo unavyotuletea." Akageuka. "Mama mwenyekiti, wewe ndiye ulikuwa umsimamie. Kanisa linakuamini. Sema mbele ya wote. Bado unasimama naye, au husimami?"

Lilikuwa neno moja tu. Nasimama. Wala hakutakiwa kuungama lolote, hakutakiwa kuvitaja viatu. Neno moja, na yule mama angekula meza moja na mwanawe. Eliaichi alimtazama Hellen, na Hellen alikuwa anamtazama bila kumtisha, bila kumkumbusha kitu, anangoja tu. Pembeni mama mkwe naye anangoja. Wanawake wa usharika nao, vitambaa vyao vyeupe, wanangoja. Akawaza kwamba akisema nasimama, watu watajiuliza mwenyekiti anamteteaje mchezaji wa ghalani. Wakijiuliza leo, kesho watachungulia dirishani kule ghalani.

"Naona," alisema, "asubiri kidogo."

"Mmesikia," akasema Mzee Eliezeri. "Basi tutaangalia mwakani. Maharage haya, nani anaanza?"

Watu wakaitikia Amina na mnada ukaendelea. Mama mkwe akamshika mkono, akaubana, akawaambia waliokuwa karibu kwamba siku ile mwanawe alipomleta huyu binti nyumbani, yeye alijua amepata mke safi. Eliaichi akasikia kinyaa kinampanda kutoka tumboni, kile chake cha siku zote, akatazama huku na huku atafute kinatoka wapi. Turubai lilikuwa safi. Watu walikuwa na nguo zao za Jumapili. Mkono wa bibi ulinukia sabuni. Hapakuwa na kitu kichafu karibu naye, na kilizidi kupanda.

Hellen alikuwa amevua viatu. Yuko mbali kidogo, lakini hakuondoka, maana aliyetengwa akionywa lazima amshukuru aliyemwonya, ndivyo walivyofundishwa, asiposhukuru anahesabiwa kiburi. Akaja mpaka mbele ya Eliaichi, peku, akapiga goti kidogo kwa heshima.

"Ahsante, mama mwenyekiti," alisema. "Nitasubiri."

Hakusema kwa kejeli. Eliaichi aliitafuta kejeli usoni mwake, aliitamani, hakuiona. Watu walikuwa wanatazama.

"Karibu, mama," akasema Eliaichi.