Vyuma vya Papa Ndani ya Jibini

Alasiri ya kuamkia safari yangu, mama aliipindua jibini nzima ya milima ya Masisi juu ya meza, akachukua kisu cha jikoni, akaikata tundu upande wa chini, la duara, lenye urefu wa kiganja. Kipande alichokitoa alikiweka pembeni kwa uangalifu, maana ndicho kingekuwa kizibo. Kisha akavifunga vyuma vya kazi vya baba yangu, papa, katika plastiki, akavisokomeza ndani.

"Mama, uwanjani kwa ndege wako na mashine," nilisema.

"Mashine inatafuta bunduki. Hii ni fromaji."

"Tungezitia tu katika valizi, kati ya nguo."

"Valizi wanafungua. Mutoto wa Mama Baharanyi alifika Kinshasa, valizi yake imejaa mawe. Lakini fromaji? Kila mutu wa Goma anaibeba mukononi. Nani atauliza?"

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Wakati huo uwanja wetu wa ndege ulikuwa haujafungwa bado, na hakuna aliyepanda kwenda Kinshasa bila jibini ya ndugu zake kwapani. Mtu akifika mikono mitupu, wa huko humuuliza kama kweli ametoka Goma. Ningeweza kubishana naye zaidi. Lakini mtu anayeficha neno kubwa hapati sauti ya kukataza jambo dogo.

Neno lenyewe lilikuwa hili. Papa alikuwa Kinshasa kwa wiki ya sita, kwa baba mdogo Magloire, baada ya kupasuliwa macho. Siku tatu kabla ya safari, baba mdogo alinipigia simu mimi peke yangu. Daktari alimwambia kwamba jicho la kulia limekwisha, na la kushoto litaona mwangaza tu, kujua ni mchana au usiku, basi. Papa hakuambiwa. Mama hakuambiwa. "Wewe ndiwe umesoma, Dorine," baba mdogo alisema. "Kuja umwambie. Mimi nikifungua kinywa ninaanza kuongea habari ya mupira."

Nilisoma ualimu. Hawakutufundisha jambo hilo.

Na mama, aliposikia kwamba nimekatiwa tiketi, alifikiri ni habari njema. Alikwenda moja kwa moja Birere, kwenye meza ya papa ya kutengenezea saa, akavikusanya vyuma vyote. "Mwanaume akikaa bila kazi yake anapona polepole," alisema. "Akizishika tu, utaona."

Asubuhi nilitoka nyumbani Mapendo mapema. Valizi yangu ilipimwa, ikaenda. Jibini niliibeba mkononi katika mfuko wa plastiki, kama kila mtu. Kwenye ukaguzi niliiweka juu ya mkanda pamoja na mkoba wangu, nikapita. Mkanda ukasimama.

"Mwenye fromaji ni nani?"

Zilikuwapo jibini nne katika ule mstari. Hakuna aliyejibu.

"Hii yenye mifupa," mkaguzi alisema.

Watu wakacheka. Nikainua mkono, si juu sana.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa umri wa shangazi zangu, kofia ya kazi juu ya kitambaa cheusi kilichofunika nywele na shingo. Kwenye kifua kibandiko kilisema Mwasiti. Alinionyesha kwa kidole kioo cha mashine. Ndani ya duara la rangi ya chungwa ilionekana misumari mirefu imelala pamoja, kama samaki wadogo katika kopo.

"Unafungua wewe, ao nifungue?"

Nilifungua mimi. Kizibo cha mama kilitoka kwa shida. Alivaa glavu, akakunjua ile plastiki, akavipanga vyuma katika sinia kimoja kimoja: bisibisi tisa, kibano, kile kisu kifupi cha kubandulia mgongo wa saa, na tochi ndogo ambayo papa huishika kwa meno anapofanya kazi. Hakuna hata bisibisi moja iliyotoka dukani. Alizitengeneza mwenyewe kwa spoki za baiskeli, akazinoa juu ya jiwe la volkano, akazivisha mipini ya mti. Mezani Birere zilikuwa nzuri. Pale katika sinia, sitasema uongo, zilionekana kama vitu vya kumchoma mtu.

"Dada, peleka fromaji yako mbele, sisi tuko na ndege," mzee mmoja mwenye koti alisema nyuma yangu.

"Ni ndege ile ile, papa," Mwasiti alimjibu bila kugeuka. "Haitaruka na yeye bila wewe. Ngoja." Kisha kwangu: "Hizi ni za kazi gani?"

"Ni za papa."

"Sikusikia."

"Ni za papa yangu. Anatengeneza saa."

"Iko wapi, huyo papa?"

"Kinshasa. Alipasuliwa macho."

Aliinua bisibisi nyembamba kuliko zote, ile yenye ncha kama ya sindano, akaigeuza kwenye taa.

"Mutu wa kupasuliwa macho anatengeneza saa namna gani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza bei. Lakini nilikuwa sijamsikia mtu yeyote akiliuliza swali hilo kwa sauti, hata mimi mwenyewe.

Aliniangalia kidogo, kisha akaiwasha tochi, akaizima, akaniwekea mkononi.

"Tochi inapita. Hizi zingine, kwa mukono, hapana. Unaweza kurudi pale wanapopima mizigo, ziende katika tumbo la ndege. Lakini wanakaribia kufunga, kwa hiyo ukimbie. Ao uziache hapa." Alinionyesha ndoo ya bluu chini ya meza. Ndani yake mlikuwa na mikasi, nyembe na visu vya matunda. "Wengi wanaacha. Si zambi."

Niliitazama ile ndoo, na ninaandika hapa nilichowaza kwa sababu nilikiwaza kweli. Niliwaza kwamba nimeokolewa. Ningefika Kinshasa na kusema, Papa, vyuma vimekamatwa uwanjani. Ingekuwa kweli. Mama angelaumu mashine, papa angelaumu mama na jibini yake, wangecheka kwa simu, na tungekaa hivyo wiki moja, pengine mwezi, tukingojea vyuma vipya, bila mtu kuuliza vingeshikwa kwa macho gani. Sikuhitaji hata kusema ndiyo. Ningenyamaza tu, na kunyamaza ndiko ninakokujua kuliko vitu vyote.

"Nitupe?" Mwasiti aliuliza.

Tochi ilikuwa bado mkononi mwangu. Niliona jinsi mambo yalivyokuwa: ningemfikia papa na kitu kimoja tu kilichoruhusiwa, na ndicho ambacho hakimfai tena.

Kwa sababu vile vingine hakuwahi kuvitazama. Nilikaa kando ya ile meza miaka yote ya shule ya msingi, nikifanya mazoezi yangu. Tochi ilimulika saa. Mkono wake wa kulia ulikwenda gizani peke yake na kurudi na bisibisi inayotakiwa. Siku moja niliihamisha moja ili kupitisha daftari langu. Mkono wake ulifika pale, haukukuta kitu, ukabaki hewani. Hakunigombeza. Alitabasamu kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishwa. Saa ndiyo aliyoiona kwa macho. Vyuma aliviona kwa vidole, na vidole havikupasuliwa.

Hatatengeneza saa tena, hilo nililijua. Lakini haikuwa juu yangu kuamua kwamba asishike vilivyo vyake. Na ndoo ile isingenisaidia kumwambia, ingenisaidia nisimwambie.

"Ninazirudisha," nilisema.

"Unasema?"

"Ninazirudisha kwa mizigo." Mzee wa koti alisikia. Nadhani wote walisikia, kwa maana hakuna aliyecheka.

"Na utazitia katika nini? Hawapokei vyuma vitupu."

Sikuwa na kitu zaidi ya mkoba wa kuingia nao ndani ya ndege. Mwasiti aliitazama jibini, akanitazama, akakaza mdomo kama anayejizuia kucheka.

"Rudisha mulemo ndani. Sasa nimekwisha kuona. Katika tumbo la ndege fromaji yenye mifupa haina shida." Akanisaidia kusukuma kizibo, akaizungushia utepe mara nne, akaandika juu yake kwa kalamu: *vyuma vya fundi wa saa*. "Kimbia, mutoto wangu. Mwambie yule kijana wa kupima ni Mwasiti amekutuma. Atakasirika, lakini atapokea."

Alikasirika, akapokea. Alisema ndege imeshafikia uzito wake, na mzigo huu wa mwisho unaweza kubaki hadi ndege nyingine, baada ya siku tatu. Nilipaswa kutia sahihi kwamba nimekubali. Nilitia sahihi. Jibini ikaondoka juu ya mkanda, ikiyumba, na sikujua kama tutaruka pamoja.

Niliporudi katika ukumbi wa kungojea, ndipo nilipofahamu nimefanya nini. Kama vyuma vingebaki Goma, papa angeninyooshea mkono, kwa maana mama alikuwa ameshamwambia kwa simu vinakuja, na mkono ungebaki hewani mara ya pili kwa sababu yangu. Nikampigia baba mdogo, nikaomba kuongea na papa.

"Dorine. Mumepanda?"

"Bado. Papa, vyuma viko katika tumbo la ndege. Vinaweza kuchelewa siku tatu."

"Zote tisa?"

"Zote."

"Mama yako alizifunga vizuri? Yule mama anaweza kuzitia hata katika unga."

"Alizitia katika fromaji."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilingoja amalize. Nilikuwa nimesimama, mgongo ukutani.

"Papa, daktari aliongea na baba mudogo. Juu ya macho."

"Ninajua waliongea," alisema. "Tangu siku ile Magloire ananikatia nyama katika sahani bila mimi kumuomba. Daktari alisema nini?"

Kwa hiyo nilisema. Nilianza na la kulia, nikamaliza na la kushoto. Sikutumia maneno ya daktari, wala sikuongeza "lakini Mungu anaweza", ingawa yalinifika ulimini. Kisha nikanyamaza, na safari hii nilinyamaza kwa sababu ilikuwa zamu yake.

Nilisikia redio ya jirani huko Kinshasa, na mtu akisukuma kiti.

"Mwangaza, alisema nitauona?"

"Mwangaza ndiyo. La kushoto."

"Basi." Kisha: "Mama yako anajua?"

"Hapana, papa."

"Umwambie mbele ya kupanda ndege. Kwa mudomo wako. Sitaki abaki peke yake pale Mapendo na tumaini nililomwachia." Sauti yake ilipasuka hapo, mara moja tu, kisha akairudisha. "Mimi nitakungojea. Sina pa kwenda."

Wakaita abiria. Watu walisimama wote kwa pamoja, kama kawaida yetu, wakasongana mlangoni na jibini zao. Nilihesabu: walikuwa zaidi ya arubaini, na mlangoni tiketi zilikaguliwa moja moja; muda ulikuwapo. Nikatoka katika mstari, nikampisha mzee wa koti, nikampigia mama.