Mstari wa Chaki kwenye Bangili

Tanuri lile lilikuwa na urefu wa hatua tisini za mtu mzima, na upana wa kumwezesha mtu kusimama ndani yake, mwenzake akampanda mabegani, na bado wasiguse dari. Lililala kwa mshazari hewani, juu ya nguzo tatu za zege, likijiviringisha usiku na mchana, huku tumboni mwake mawe ya mlimani yakiokwa mpaka yakaacha kuwa mawe. Penye kila nguzo lilivikwa pete ya chuma nene kuliko kifua cha mbeba mizigo. Pete hizo wafanyakazi wa kiwanda hicho cha saruji waliziita bangili, kwa kuwa hazikubana: zilicheza kidogo, kama bangili ichezavyo mkononi.

Mwendeshaji mkuu wa tanuri hilo alijulikana kwa jina la Chaki, na jina hilo alilipata kwa haki. Kila zamu, kwa miaka thelathini na mmoja, alipanda ngazi hadi penye bangili ya kati, akachora mstari mmoja mweupe uliovuka kutoka ubavuni mwa bangili hadi kwenye mwili wa tanuri. Kisha alisubiri tanuri lizunguke mara moja. Mstari ukirudi umekatika, vipande vyake viwili vimepishana kwa upana wa vidole viwili, alijua kwamba chuma kina nafasi ya kupumua.

"Shule imefunguliwa!" wapaka grisi walimtania kila walipomwona na chaki yake.

"Na nyinyi bado mko darasa la kwanza," aliwajibu.

Muda wote huo hakuuzoea moto. Alipochungulia kwenye kidirisha cha mbele, kioo cheusi kikiwa machoni, aliona weupe usiofanana na weupe wa kitu chochote cha duniani, na ndani ya weupe huo mawe yakipanda ukutani kama uji mzito, yakiporomoka, yakijifinyanga kuwa punje. Midomo yake ilitamka "Subhanallah" kabla yeye hajaiamuru. Alijiona mdogo kama sisimizi aliyepewa ruhusa ya kutazama jambo lisilomhusu.

Mwaka ule tanuri lilizimwa mwezi mzima kwa matengenezo. Matofali ya ndani yalibomolewa yakapangwa mapya, na bangili zilikaguliwa. Kisha kazi ya kulipasha upya ikaanza, nayo ni kazi ya siku kadhaa, kwani chuma kikubwa namna ile hakiharakishwi. Mbele ya skrini, katika chumba cha kuongozea mitambo, aliketi mpwa wake, binti wa dada yake, mwendeshaji mwenye cheti na mwenye ulimi wake. Hilo ndilo tanuri la kwanza kupashwa kwa saini yake.

Saa mbili asubuhi ya siku ya tatu, Chaki alisimama nyuma ya kiti chake.

"Pandisha."

"Mjomba, ratiba inasema tutulie hapa kwa muda wa saa nane."

"Ratiba imeandikwa na mtu mwenye feni mezani. Mimi nimelipasha tanuri hili mara arobaini. Pandisha, mwanangu."

"Haya, likiharibika nitasema ni wewe," akasema, akapandisha moto.

Saa tatu Chaki alipanda ngazi, chaki mfukoni. Tanuri lilizunguka polepole, kama desturi ya siku za kupasha: dakika kumi na mbili kwa mzunguko mmoja. Akachora mstari wake, akasubiri. Mstari ukarudi.

Ulikuwa mzima.

Alidhani macho yamemdanganya. Akafuta miwani kwa ncha ya koti la kazi, akachora mwingine, akasubiri tena. Mstari ulirudi umenyooka kama alivyouchora, usikatike hata kwa unene wa uzi. Alijua maana yake. Mwili wa tanuri ulikuwa umetanuka kwa joto, bangili ikawa bado baridi. Haikucheza tena, ilikaba.

Hapo ndipo alipokumbuka. Wakati wa matengenezo, mafundi wa kuchomelea walikuwa wameweka vipande vipya vya chuma chini ya bangili, kuziba pengo lililopanuliwa na miaka ya kulika. Yeye mwenyewe alisimama pale pale akawasifu. Mara zote arobaini alizojivunia zilikuwa za bangili iliyolegea. Mikono yake ilikuwa imeshika kumbukumbu ya chuma kisichokuwapo tena.

Joto likizidi kidogo tu, mwili wa tanuri ungeminywa na bangili, ukabaki na shingo nyembamba ya kudumu, matofali mapya yangepondeka, na kipande kizima kingekatwa na kutupwa. Nusu mwaka kiwanda kingelala. Na saini iliyokuwa kwenye daftari la zamu haikuwa yake. Ilikuwa ya mpwa wake.

Akashika redio ya mkononi. "Usipandishe tena. Shikilia hapo hapo."

"Kulikoni, Mjomba?"

"Mstari umerudi mzima."

Redio ilikoroma kidogo. "Nizime?"

"Ukizima ghafla matofali yatapasuka. Usipandishe, usishushe."

"Yaani niushike moto mkononi kama yai?"

"Kama yai."

Akawaita wapaka grisi, wakaburura feni nne kubwa, wakazielekeza kwenye mwili wa tanuri, pande zote mbili za bangili. "Upepo usiiguse bangili!" aliwapigia kelele. "Iacheni ipate joto itanuke. Mwili ndio upoe!" Hakuna aliyemtania kuhusu shule.

Mzunguko wa tatu, mzima. Wa sita, mzima. Mzunguko wa nane, redio ikalia kwa sauti ya meneja.

"Chaki, naambiwa mmesimama. Wanunuzi wananikaba koo huku!"

"Bwana Meneja, tanuri nalo linakabwa koo. Tuanze na la tanuri."

"Nani aliamuru moto upandishwe kabla ya saa yake?"

Wote wenye redio walisikia swali lile. Sauti ya mpwa wake ikatoka, nyembamba lakini haikutetemeka: "Aliyeko kwenye skrini ni mimi, Bwana Meneja."

"Skrini ni yake, amri ni yangu," Chaki akasema. "Yeye alikataa. Nilimlazimisha mimi, kwa kiburi cha ukongwe."

Meneja akakata mawasiliano.

Chaki alisimama mbele ya gamba lile la chuma, joto likimpiga usoni. Tani kwa tani zilipita mbele yake bila haraka, zikiwa zimelala juu ya utando wa grisi mwembamba kuliko karatasi. Miaka thelathini na mmoja alidhani analiendesha. Sasa aliona kwamba alikuwa ameruhusiwa tu kusimama karibu nalo, na kwamba amri zilizokitanua chuma na kukikaza hazikupata kupitia ofisini kwa mtu yeyote. Woga ulimwingia, lakini haukuwa woga wa kufukuzwa kazi. Ulikuwa ule wa kidirisha cha mbele, ila safari hii bila kioo cheusi.

Adhuhuri ilipoingia alitandika gunia safi kwenye jukwaa, akasali kando ya nguzo. Alipotoa salamu, mzunguko wa kumi na tisa ulikuwa unakaribia. Mstari ukapanda kutoka chini, mweupe, pole pole, ukafika usawa wa macho yake.

Katikati yake palikuwa na mkato mdogo. Akasogea hadi nyusi zikanuka kuungua. Vipande viwili vilikuwa vimepishana.

Alirudi kwenye gunia, akaporomoka kwenye sijida ya shukrani, kofia ngumu ikabingirika mpaka miguuni mwa mpaka grisi.

"Mjomba!" redio ikaita. "Mjomba, sema kitu!"

"Umekatika."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha ukucha wa mtoto mchanga."

Akamsikia akishusha pumzi. "Basi tunatulia saa nane. Zote."

"Saa nane, fundi. Na daftari la zamu niletewe, niandike kosa langu kwa mkono wangu."

"Kwa chaki?"

"Kwa wino, mtukutu wewe."

Wapaka grisi wakacheka, wa kwanza kwa hofu, wengine wakafuata. Chaki hakugeuka. Mstari ulikuwa umekwisha kuinuka na kwenda zake upande wa pili, kule asikoweza kuona. Akatoa chaki mfukoni, akachora mwingine, akarudi nyuma hatua moja, akasubiri.