Mita Tatu za Komanda

Komanda alipewa jina kabla hajajulikana. Aliletwa kwenye makazi ya mbwa ya Rumonge akiwa ndani ya gunia, ametulia kabisa, na Généreuse, mwenye makazi hayo, akadhani utulivu ule ni ujasiri. Gunia lilipofunguliwa, mbwa alikimbilia nyuma ya pipa akakaa huko siku nne. Lakini jina lilikuwa limeshaandikwa kwa wino kwenye kadi ya chanjo, na Hadjara, fundi wa mifugo aliyewachanja mbwa wote wa pale, hakuwa mtu wa kuchafua kadi.

Hadjara alikuwa na daftari. Kila mbwa alikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa ulibeba yaliyoonekana, si yaliyodhaniwa. Wa Komanda ulisema: dume, rangi ya mchanga, kilo kumi na nne, miaka mitatu hadi minne. Anaogopa mwavuli, ndoo ikianguka, pikipiki, kofia, kuku. Hajawahi kuuma. Hajawahi kumlamba mtu. Umbali mdogo kabisa kati yake na mtu, katika miezi kumi na moja: mita mbili na sentimita themanini. Kipimo hicho Hadjara alikichukua kwa utepe wa fundi cherehani, mara sita, siku sita tofauti.

Mwaka huo ziwa lililokuwa chini ya makazi lilipanda tena. Maji yaliingia kwanza kwenye choo, kisha kwenye safu ya chini ya vibanda, na Généreuse akaanza kuwatafutia mbwa wake watu wa kuwachukua. Kufikia Jumatatu ya mwisho, mbwa ishirini na wawili walikuwa wamepata kwao. Alibaki mmoja.

"Jumamosi ninafunga," Généreuse alisema, suruali ameikunja hadi magotini. "Kama huyu hajapata mutu, utamupiga sindano."

"Sindano ya kulala?"

"Ya kulala, ndiyo. Mimi siwezi kumuacha kwenye barabara. Camion za mizigo za Nyanza-Lac zitamumaliza siku moja, na vibaya."

Hadjara alikubali kwamba hesabu hiyo ni sahihi. Kumchukua yeye mwenyewe haikuwezekana: aliishi vyumba viwili na mama mkwe wake na kuku kumi na mmoja, na Komanda alikuwa ameshajaribiwa mbele ya kuku mmoja tu, akazimia. Neno lenyewe daftarini lilikuwa "alianguka", kwa sababu kuzimia hakukuthibitishwa.

Siku ya pili alikuja Kassimu, muuza mabati wa sokoni, aliyetaka mbwa wa kulinda duka. Généreuse alikuwa amemwambia kwa simu kwamba yuko mmoja, mkali, jina lake Komanda. Kassimu alifika na mvua nyepesi, mwavuli juu. Komanda aliuona mwavuli, akashuka kwenye vibanda vilivyofurika, akaenda mpaka maji yakamfika shingoni, akasimama humo akimtazama mgeni.

Kassimu alimwangalia kwa muda.

"Huyu iko mbwa ao iko samaki?"

"Anapenda kuogelea," Généreuse alisema upesi. "Mbwa wakali wote wanapenda maji."

"Anaogopa mwavuli," Hadjara alisema, akafungua daftari na kusoma ukurasa wote, pamoja na kuku.

Kassimu alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akamgeukia. "Dada Hadjara, weye uko unatoa mbwa, ao uko unanionya?"

"Ninasema yenye iko."

"Murakoze sana," Kassimu alishukuru. "Nitanunua kufuli."

Alipoondoka, Généreuse aliketi juu ya ndoo. "Ungemuacha amuchukue. Mambo ya mwavuli angeyaona kwake."

"Angemrudisha kesho yake. Tungekuwa tumepoteza siku moja, na mteja wa chanjo."

"Na sasa tumepata nini?"

Hawakuwa wamepata kitu, na Hadjara alilifunga daftari. Usiku ule aliiweka dawa ya sindano kwenye mfuko wake wa kazi, akaitoa, akaiweka tena. Hilo hakuliandika.

Alhamisi alikuja Mzee Zakaria wa Kigwena, na hakuja kwa ajili ya mbwa. Alikuwa mkamuaji wa mawese, mwenye mashine ya kukamulia karibu na maji, na zaidi ya hapo alikuwa mwadhini wa msikiti mdogo wa kwao. Watu wa Kigwena walipanga saa zao kwa adhana yake. Alitaka dawa ya mbuzi mwenye minyoo. Walipokuwa wakipima dawa alilalamika juu ya tumbili. Wanatoka msituni, alisema, wanakaa juu ya mashada ya chikichi kama vile wameitwa, wanakula, na zile wasizokula wanamrushia.

"Muzee anahitaji mbwa," Généreuse alisema kutoka nyuma ya ukuta.

"Nilikuwa naye. Mbwa wa kulinda, dini inaruhusu, sina neno. Taabu iko mate." Zakaria alinyoosha mkono wa kulia, kana kwamba bado umelowa. "Ninachukua udhu, anakuja, ananilamba. Hapo ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, halafu udhu upya. Nimemaliza, anakuja tena. Siku moja nilifika msikitini watu wanavaa viatu wanatoka. Mbwa ule alinipenda mno. Nikamupatia shemeji yangu wa Minago. Ye haendagi msikitini."

Hadjara aliacha kupima dawa. Alikuwa Mwislamu naye, na ndoo ya udongo aliyoijaza mwenyewe ilikuwa mlangoni pale. Mambo ya mara saba hakuhitaji kuelezwa. Alitoa daftari mfukoni, akalifungua, akasoma mistari miwili: hajawahi kumlamba mtu, mita mbili na sentimita themanini.

Zakaria alilitazama daftari. "Ulipima weye mwenyewe?"

"Mara sita."

"Mutu akimuita?"

"Anarudi nyuma."

"Mutu akimupa chakula?"

"Anangoja mutu aondoke."

"Na tumbili?"

"Tumbili hatujamuonyesha. Lakini kitu chochote akikiona anapiga kelele moja, halafu anajificha. Anaona mbele ya mutu yeyote."

"Kwa hiyo ni kengele," Zakaria alisema polepole. "Kengele yenye hailambi." Kisha akauliza swali ambalo Hadjara alikuwa akiliogopa. "Na akizoea?"

"Miezi kumi na moja hajazoea."

Huo ulikuwa ukweli. Kuhusu mwezi wa kumi na mbili hakuwa na habari, kwa hiyo hakuutaja. Généreuse, nyuma ya ukuta, alikohoa.

Karatasi waliiandika palepale. Zakaria alitaka iwemo ibara kwamba mbwa akimlamba mwenyewe, mwenyewe ana haki ya kumrudisha. Hadjara alitaka iwemo kwamba atakwenda kukagua baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi mitatu. Wote wawili walisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi, na kila mmoja akamheshimu mwenzake kwa hilo. Jumamosi asubuhi Komanda alipelekwa Kigwena kwa tukutuku, amefunikwa gunia, na jioni yake maji yakaingia kwenye ofisi ya Généreuse.

Ukaguzi wa kwanza haukuwa na dosari. Komanda alikuwa amejichagulia pipa tupu kando ya mashine. Tumbili wakitokea msituni alilia mara moja na kuingia ndani. Zakaria aliokota jiwe bila hata kuinua macho. Wiki ya tatu tumbili walihamia kwa jirani. Umbali: mita tatu kamili.

"Huyu ni mbwa wa sharia," Zakaria alisema. "Anajua mipaka."

Mwezi wa tatu haujaisha, Tahira, jirani wa Hadjara anayekwenda Kigwena kununua samaki wadogo wa ndagala, alileta habari.

"Adhana ya alasiri ya kule siku hizi inachelewa. Dakika kumi, siku zingine kumi na tano. Na Muzee Zakaria anashinda kwenye maji anajisugua mikono na udongo. Banasema anataka kuoa."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Mutoto wa watu ataoga vile bila sababu?"

Hadjara aliuliza ni mkono gani. Tahira alifikiri, akasema wa kulia. Kesho yake Hadjara alichukua utepe wa kupimia, daftari na karatasi ya makubaliano. Mfuko wa kazi aliutazama kwa muda, kisha akauchukua nao, kwa kuwa vibanda vya Rumonge vilikuwa chini ya maji na mbwa akirudishwa hakuna pa kurudi.

Alifika saa nane na nusu. Zakaria alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mashine, Komanda ndani ya pipa lake.

"Amahoro, binti. Leo si siku yako."

"Amahoro, Muzee. Nilikuwa ninapita."

"Umbali ni ule ule. Mita tatu. Andika tu, usisumbuke na utepe."

"Nitapima akitoka."

"Hatoki leo. Amechoka." Alitazama jua. "Gari za Rumonge zinapita mingi saa hii. Baadaye hakuna."

"Nimekuja na tukutuku. Inaningoja."

Zakaria akalazimika kumpa chai. Hadjara aliinywa kama mtu anayepima dawa. Alikuwa ameona mambo matatu: mkono wa kulia wa mzee ulikuwa mweupe na mkavu, ngozi imechanika kwenye vifundo; wa kushoto ulikuwa na rangi ya mawese kama kawaida; na kwenye ukingo wa maji palikuwa na ndoo ya buluu na kopo la udongo uliochekechwa. Zakaria alimweleza kwa kirefu habari za mbuzi wake, ambaye alikuwa mzima.

Saa tisa na dakika tano Komanda alitoa kichwa kwenye pipa. Alimtazama mzee, akamtazama Hadjara, akamtazama mzee. Zakaria alimkunjia uso. Komanda alitoka, akapita mita tatu, akapita mbili, akapita moja, akaingiza pua kwenye kiganja cha kulia cha mwenyewe na kuanza kulamba: kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, bila haraka, kama mtu aliye kazini.

Zakaria alikuwa anaangalia juu ya michikichi.

"Hii ni mara ya kwanza," alisema.

Komanda alipomaliza aligeuka, akatembea mpaka ukingoni, akaketi kando ya ndoo ya buluu na kuwatazama. Walipokawia, alibweka. Katika miezi yote Hadjara hakuwahi kumsikia akibweka.

"Na ile ndoo aliijua lini?" aliuliza.

"Binti, usiniulize sana."

Hadjara alitoa karatasi, akaiweka juu ya goti. Zakaria aliuficha mkono uliolowa nyuma ya mgongo, kisha akakumbuka kanzu, akautoa.

"Nikimurudisha anaenda wapi?"

"Hakuna pa kwenda. Kwetu maji yako kwenye madirisha."

"Kwa hiyo?"

"Sindano." Alilisema bila kulipamba. "Iko hapa kwenye mufuko."

Mzee aliutazama mfuko, akamtazama mbwa aliyekaa kando ya ndoo, masikio yamesimama, akingoja. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya darasani.

"Soma ile ibara."

"‘Mbwa akimlamba mwenyewe, mwenyewe ana haki ya kumrudisha.’"

"Haki. Haikuandikwa ni lazima?"

"Imeandikwa haki."

"Mimi nimesoma madrasa miaka tisa, binti. Tofauti ya haki na faradhi ninaijua." Aliinuka. "Haki yangu ninaiacha. Weye andika yenye umeona, kwa maana najua hutaandika kingine. Lakini daftari usimuonyeshe Tahira."

"Tahira anasema unataka kuoa."

Zakaria alilifikiria hilo. "Muache aseme. Ni aibu ndogo kuliko hii."

Hadjara alifungua ukurasa wa Komanda, akaandika tarehe, na mbele ya neno umbali akaandika sifuri. Chini yake, kwa kuwa ilionekana wazi: mwenyewe ameridhika. Mfuko wa kazi aliusukuma kwa mguu chini ya kigoda, usionekane na mbwa.

Mzee alikuwa ameshafika majini, amechota udongo, anaosha mkono na kuhesabu kwa sauti ya mtu aliyechelewa. Moja, mbili, tatu. Komanda aliketi karibu yake, akifuatisha mkono kwa macho. Nne. Tano. Alipoinama kuchota maji ya sita, mbwa alinyoosha shingo, akaulamba mkono kuanzia kifundo hadi kiwiko.

Zakaria alibaki ameinama kidogo. Kule msikitini mtu alikuwa ameanza kukohoa kwa makusudi.

"Moja," alisema, akachota udongo.